Mlanguzi hali peke yake: Sheria inasemaje kuhusu wanaofaidika na ulanguzi wa binadamu?

"Mimi nilipangisha chumba tu." "Mimi ni dereva, abiria simuulizi aendako." "Mimi nilimtambulisha binti kwa wakala, nikapewa ya soda, basi." Kesi ya ulanguzi wa binadamu ikizungumzwa hapa Pwani, utetezi wa baraza ndio huo. Tumezoea kumwona mlanguzi kuwa mtu mmoja, yule aliyemdanganya msichana kwamba anaenda kuuza duka Muscat akamwacha kwenye jiko la mtu asiyelipa mshahara. Waliobaki tunawahesabu kuwa watu waliojitafutia riziki pembeni.

Sheria ya Kenya haiwahesabu hivyo. Sheria ya Kukabiliana na Ulanguzi wa Binadamu, Namba 8 ya mwaka 2010, ilitungwa baada ya Kenya kujiunga na mkataba wa Umoja wa Mataifa unaojulikana kama Itifaki ya Palermo mwaka 2005. Kifungu cha 3 kinamtia hatiani anayemsajili mtu, kumsafirisha, kumhamisha, kumhifadhi au kumpokea kwa lengo la kumnyonya, akitumia nguvu, vitisho, utekaji, ulaghai, udanganyifu, au kwa kutumia vibaya mamlaka yake au shida ya mwenzake. Hukumu ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Akirudia, ni kifungo cha maisha.

Wengi wetu huishia hapo kusoma. Lakini kifungu hicho hicho, katika ibara ya 6, kinampa adhabu hiyo hiyo anayegharimia, anayesimamia au anayesaidia kosa hilo kutendeka. Kwa hiyo aliyetoa pesa za pasipoti na tikiti akijua mpango ulivyo, ingawa hajawahi kumwona msichana mwenyewe, yuko katika mizani moja na aliyempandisha ndege.

Kisha kuna kifungu cha 5, ambacho ningependa kila mwenye ploti kuanzia Ukunda hadi Malindi akifahamu. Kinamgusa anayekodisha nyumba au jengo kwa kujua, au anayekaa humo akaruhusu litumike, kwa ajili ya kuendeleza ulanguzi. Kinamgusa pia anayechapisha matangazo ya kuuendeleza, na anayesimamia, kuendesha au kugharimia kampuni ya kuajiri watu kwa lengo hilo. Hapa ni miaka isiyopungua 20, au faini isiyopungua milioni 20, au vyote viwili. Cheti cha kampuni kilichotundikwa ukutani hakimkingi mtu. Kampuni inaweza kuwa na leseni halali ya kupeleka wafanyakazi ng'ambo na bado mwenye kuiendesha akaangukia kifungu cha 5.

Mvutano mahakamani huwa katika neno moja: kujua. Mwenye nyumba aliyepokea kodi kutoka kwa mpangaji wa kawaida, kwa bei ya kawaida, na asiwe na sababu ya kushuku chochote, si mhalifu. Upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuthibitisha kwamba alijua. Ila mahakama haisubiri mtu akiri. Hakuna anayekiri. Ujuzi hupimwa kwa mazingira: kodi iliyolipwa mara tatu ya bei ya mtaa, wasichana wanane katika chumba kimoja wasioruhusiwa kutoka, mlango uliofungwa kwa kufuli la nje, pasipoti zote zikiwa mkononi mwa mtu mmoja. Anayeyaona hayo akafumba macho kusudi, ili baadaye apate kusema hakuona, wanasheria humchukulia kama aliyejua. Si jambo geni kwetu. Anayenunua simu mpya ya elfu hamsini kwa elfu tano kichochoroni anafahamu vyema kwa nini haulizi risiti, na Sheria ya Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 322, humbana hata yule ambaye alikuwa na sababu ya kuamini kwamba mali ni ya wizi.

Ujuzi pia hubadilika na wakati, na hapa ndipo ninapoona hatari kubwa kwa watu wetu wa kawaida. Chukua mfano wa mama wa mtaani anayewaunganisha mabinti na wakala wa kazi za Ghuba, akipata kamisheni kwa kila kichwa. Binti wa kwanza alimpeleka kwa nia njema, akiamini kazi ipo na mshahara upo. Pengine hata yeye mwenyewe alidanganywa. Miezi mitatu baadaye binti anapiga simu usiku, analia: pasipoti imechukuliwa, halipwi, anapigwa, na kazi si ile aliyoambiwa. Mama anasikitika, anamwambia avumilie. Kisha juma linalofuata anampeleka binti wa pili kwa wakala yule yule, na kumwambia kazi ni nzuri. Kuanzia simu ile, hawezi tena kusema hakujua. Ile "ya soda" ya pili ni malipo ya kusaidia kosa analolifahamu. Na ikiwa wakala aliwahi kumwambia awadanganye mabinti kuhusu mshahara, basi hata ya kwanza haikuwa salama.

Utetezi kwamba "wenyewe walikubali" nao hausaidii. Palipotumika ulaghai au shinikizo, sheria inasema ridhaa ya aliyelanguliwa haina maana. Kwa mtoto ni kali zaidi: haihitajiki hata kuthibitisha kwamba alidanganywa. Inatosha kwamba alichukuliwa ili anyonywe, na katika sheria hii unyonyaji ni pamoja na ajira ya watoto na ndoa za watoto. Wala si lazima avuke mpaka. Mtoto anayetolewa kijijini Kwale au Kilifi kuja kutumikishwa katika nyumba ya Mombasa ni mlanguliwa sawa na aliyefikishwa Riyadh, na mtu mzima anayepokea pesa ili amwachilie mtoto huyo akatumikishwe hana pa kujificha.

Kwa mji unaoishi kwa utalii kuna sheria nyingine ya kuangaliwa. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, kifungu cha 15, inamtia hatiani kwa miaka isiyopungua 10 yule anayemruhusu mtoto, kwa kujua, kukaa katika jengo ili adhulumiwe kingono, na inawataja wenye mali, wapangishaji na wasimamizi wa mahali ambapo makosa hayo hutendewa watoto. Kifungu cha 14 kinawahusu wanaopanga safari za watalii wa aina hiyo. Nyumba za wageni za kukodi kwa siku, ambazo siku hizi zimejaa pwani nzima, haziko nje ya vifungu hivi kwa sababu tu hazina mapokezi.

Na pesa zenyewe? Sheria ya Mapato ya Uhalifu na Ulanguzi wa Fedha ya mwaka 2009 haimtaki mtu awe amemgusa mwathiriwa hata kidogo. Anayepata, kutumia au kuwa na mali huku akijua, au akiwa alipaswa kujua, kwamba imetokana na uhalifu, anaweza kufungwa hadi miaka 14. Kampuni hutozwa faini ya hadi milioni 25 au thamani ya mali, ipi ni kubwa. Tazama yale maneno "alipaswa kujua". Ni mepesi kuthibitisha kuliko "kwa kujua" ya kifungu cha 5. Tena Shirika la Kurejesha Mali linaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba nyumba au gari litaifishwe kwa kesi ya madai, ambayo ushahidi wake hauhitaji kufikia kiwango cha kesi ya jinai.

Lawama yangu ni kwamba silaha hizi ziko nyingi lakini zimetawanyika. Hatuna kifungu kimoja kinachosema waziwazi kwamba kufaidika na ulanguzi kwa kujua ni kosa linalojitegemea, kwa hiyo mwendesha mashtaka hulazimika kushona viraka. Akichoka, humshtaki mtu kwa makosa madogo ya uhamiaji au ya leseni ya kazi, na mshtakiwa analipa faini akarudi ofisini mchana huo huo. Hata lile neno "au" kati ya kifungo na faini linanikera, kwani mwenye milioni 30 katika mnyororo huu kwa kawaida ndiye aliyekula zaidi.

Aliyelanguliwa, kwa upande wake, hashtakiwi kwa makosa yaliyotokana moja kwa moja na kulanguliwa kwake. Kwa hiyo binti aliyerudi bila vibali asiogope kwenda kueleza. Kitengo cha DCI cha kupambana na ulanguzi wa binadamu na kulinda watoto kina ofisi Mombasa. Kama ni mtoto, nambari ni 116, bila malipo, usiku na mchana.