Dhoruba ya jua: usizime simu, ielewe kwanza hii KAMBA YA SUMAKU

Mei 2024 jamaa alitutumia ile meseji ya "zima simu usiku, mionzi ya jua inakuja". Bi mkubwa akazima yake kweli. Mdogo wangu alikuwa safarini, basi likaharibika njiani, akampigia usiku kucha hampati. Iliniuma sana, nikaingia kafe kusoma. Leo nawamegea.

Jua likilipuka linaweza kurusha mabilioni ya tani za gesi ya moto yenye chaji za umeme. Mimi nilidhani inakuja ovyo ovyo kama vipande vya bomu. Kumbe mara nyingi ndani yake kuna sumaku iliyojisokota kama kamba ya katani! Mwaka 1981 Leonard Burlaga na wenzake walilinganisha vipimo vya vyombo vya Voyager, Helios na IMP 8, wakaiona. Wanaiita wingu la sumaku.

Ukubwa wake ni balaa. Ikifika kwetu, unene ni kama robo ya umbali wa dunia na jua, yaani km milioni 37 hivi. Inatupita kwa karibu siku nzima, na mara nyingi miguu yake bado imeng'ang'ania jua.

Sasa sikilizeni hapa. Dunia nayo ni sumaku, na mistari yake huku ikweta inaelekea kaskazini. Kamba ikija imeelekea kaskazini pia, tunapona kwa kiasi kikubwa. Ikielekea kusini, zinaungana, mlango unafunguka, nguvu inaingia. Na kwa kuwa imesokotwa, mbele inaweza kuwa kaskazini halafu nyuma kusini, kwa hiyo kasheshe inaanza masaa kadhaa baadaye.

Picha za jua haziwaonyeshi wataalamu uelekeo huo vizuri. Wanaupata kamba ikigusa vyombo vilivyo km milioni 1.5 mbele yetu. Hapo imebaki nusu saa hadi saa moja tu!

Tarehe 13 Machi 1989 dhoruba iliangusha gridi ya Quebec, Kanada, kwa sekunde kama 90. Watu milioni 6 walikaa gizani saa 9 hivi.

Kwa hiyo wanaopaswa kuhofu ni wenye gridi, setilaiti na GPS. Hiyo Mei 2024 dhoruba ilikuwa kubwa kuliko zote tangu 2003, na simu yangu ilidunda kama kawaida. Meseji ile ikija tena, mwambieni mama aache simu wazi.

Maswali tupieni hapo chini, muda wangu wa kafe unaisha.