Uchachu wa Kibuyu

Kericho ni nchi ya mvua. Alasiri nyingi mawingu huteremka juu ya mashamba ya chai, na mtu hubeba mwavuli hata kama asubuhi imepambazuka nyeupe. Lakini Januari na Februari mvua huadimika, vumbi hutimka barabarani, na mchumaji wa majani ya chai huingia uani koo limemkauka. Mombasa angekamuliwa ndimu, ikatiwa maji, sukari na barafu. Huku kwetu Wakipsigis, uchachu wa kukata kiu hutoka kwenye maziwa. Ni mursik, na haitengenezwi siku ile ile ya jua: mkono ulioiandaa ulianza kazi siku kadhaa nyuma.

Kazi kubwa iko kwenye kibuyu. Sotet, ndivyo tukiitavyo, hutolewa mbegu na utando wa ndani, kisha huwekwa maji na kuoshwa tena na tena mpaka uchungu uishe. Cha kukisugulia ni sosiot, ufito wa mti wa jamii ya mitende uliopondwapondwa ncha ukawa kama brashi. Kikishakauka, huletwa kijiti cha senetwet, kile kichaka chenye maua ya manjano kinachoota kandokando ya njia. Kijiti huchomwa kikawa kaa, kikaingizwa kibuyuni, na kaa likasagwa kwenye kuta za ndani mpaka ziwe nyeusi zote. Unga uliozidi hukung'utwa nje. Hapo ndipo maziwa yaliyochemshwa na kupoa humiminwa, kifuniko cha ngozi kikafungwa, kibuyu kikawekwa mahali penye ubaridi.

Ndani ya giza hilo bakteria hugeuza sukari ya maziwa kuwa asidi. Mkaa wa senetwet huyapa maziwa harufu ya moshi na rangi ya kijivu inayokaribia samawati. Mursik ikinuka vibaya, katika nyumba yetu ng'ombe hakulaumiwa kamwe. Kililaumiwa kibuyu kilichooshwa kwa haraka. Naona hukumu hiyo ni ya haki. Nimeonja mursik iliyogandishwa ndani ya ndoo ya plastiki: ilikuwa chachu, basi, na moshi haukuwamo.

Kinywaji hiki hunywewa pamoja na kimyet, yaani ugali, na mboga za majani. Hakikosekani kwenye koito, siku ya posa, wala kwa mwanariadha anayetoka ng'ambo na medali: uwanja wa ndege Nairobi, kabla ya hotuba, huinuliwa kibuyu mdomoni mwake. Medali ya kwanza kabisa ya Kenya katika Olimpiki, shaba ya mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964, ilitwaliwa na Wilson Kiprugut, Mkipsigis wa huku huku Kericho. Ninapoona bingwa akipokelewa hivyo naguswa sana, kwa kuwa anapewa kile kile anachopewa mtoto aliyetoka shule.

Nami nilikuwa mtoto huyo. "Chamgei, kogo," nilimwamkia bibi mlangoni, jasho likinitiririka. "Mising," aliitikia, akainuka. Hakuniuliza kama nina kiu. Alikitikisa kibuyu kwa mikono miwili, taratibu, akatega sikio kusikia maziwa yakijigonga ndani. Akatikisa tena kidogo. Kisha akafungua kifuniko, na harufu ya moshi ikanifikia kabla ya kikombe.