Upepo wa Ziwa Victoria na bei ya mpakani

Ngurumo za Ziwa Victoria huja zaidi usiku, pale upepo wa nchi kavu unapovuma kutoka kila upande na kukutana majini. Dagaa nao huvuliwa usiku, kwa taa. Utabiri utakaokamilika saa nne usiku haumfai mvuvi wa Mwanza aliyeondoka jua likizama, kwa hiyo kasi ya kompyuta hapa inagusa uhai wa watu.

Chukua eneo la kilomita 400 kwa 400, linalolifunika ziwa lote na kingo zake. Likate vipande vya kilomita moja ya mraba: vipande 160,000. Viini 64 vya prosesa vikigawana kazi, kila kimoja kinabeba vipande 2,500, yaani 50 kwa 50. Lakini upepo unavuka mipaka. Kila hatua ya hesabu, kiini lazima kipokee hali ya vipande 200 vya majirani, sawa na asilimia 8 ya mzigo wake. Viini vikifika 1,600, kila kimoja kina vipande 100 na kinapokea 40. Vikifika 6,400, kila kimoja kina vipande 25 na kinapokea 20. Hesabu imepungua mara mia. Mazungumzo yamepungua mara kumi tu.

Ujumbe mmoja kati ya kompyuta mbili zilizounganishwa kwa mtandao wa kasi huchukua takribani mikrosekunde 1 hata ukiwa mdogo, muda ambao kiini cha gigahezi 3 hupiga mizunguko 3,000. Ni kama kivuko cha Kigongo–Busisi kabla ya daraja kufunguliwa Juni 2025: mwenye kapu na mwenye lori walisubiri pantoni ileile. Anga ikiwa na tabaka 40, kutuma kila tabaka peke yake kwa jirani mmoja ni mikrosekunde 40. Kwa vipande 10 vya mpakani, tabaka zote ni baiti 3,200. Zifungashe pamoja, na kwa gigabaiti 10 kwa sekunde zinafika kwa mikrosekunde 1.3 hivi.

Ujumbe ukiwa njiani, kiini kiendelee na vipande vya ndani visivyomhitaji jirani. Kwenye viini 1,600 vipo 64 kati ya 100. Kwenye 6,400 vimebaki 9 kati ya 25, na kazi ya kujaza muda wa kusubiri imepungua sana. Kwa ramani hii ningeishia 1,600, na fedha iliyobaki nimlipe mtu wa kupanga upya ujumbe.