Ubongo, Sikio na Elimu ya Lugha

Watu wengi hudhani ya kuwa sikio ni kama mlango ulio wazi: lisemwalo nje ndilo liingialo ndani. Lau ingekuwa hivyo, mtafiti wa lugha angehitaji kalamu na utulivu tu. Lakini ubongo haupokei sauti zote kwa usawa. Huzipanga katika mafungu uliyoyazoea. Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi mpango huo unavyoigusa elimu yenyewe.

Mfano mzuri tunao Mombasa. Katika Kimvita, paa la nyumba na p'aa wa mwituni ni maneno mawili mbalimbali. Midomo hufungwa namna moja, ila katika neno la pili pumzi hutoka kwa nguvu midomo inapoachana. Ndivyo ilivyo kwa tembo linywewalo na t'embo mwenye mkonga, na kwa kaa la moto na k'aa wa pwani. Mwenyeji huisikia tofauti hiyo bila ya kutafakari. Mwingereza huisikia kwa shida, ingawa yeye mwenyewe hutamka p zote mbili kila siku: yenye pumzi mwanzoni mwa neno, isiyo na pumzi baada ya s. Kwa kuwa katika lugha yake tofauti hiyo haigeuzi maana, ubongo wake umejifunza kuipuuza.

Mafunzo hayo huanza mapema. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees walionyesha ya kuwa watoto wa miezi 6 hadi 8, waliolelewa kwa Kiingereza, walipambanua sauti za Kihindi zilizowashinda watu wazima wengi wa lugha hiyo hiyo ya Kiingereza. Ilipofika miezi 10 hadi 12, uwezo huo ulikuwa umepungua sana. Si masikio yaliyodhoofika. Ni ubongo uliokwisha kuchagua. Na uchaguzi huo una faida, kwani apuuzaye yasiyo na maana huelewa maneno upesi.

Kwa mtafiti, hata hivyo, hasara ni kubwa. Paa, tembo na kaa zisizo na pumzi ni za ngeli ya ji-ma. Zenye pumzi ni za ngeli ya n, ambayo king'ong'o chake kilidondoka mbele ya p, t na k, kikaacha pumzi mahali pake. Asiyeisikia ataandika neno moja lenye maana mbili, na kanuni nzima itampita. Tahajia sanifu, isiyoandika pumzi, haitamsahihisha.

Je, ala za kupimia sauti zatosha? Ala hupima muda wa pumzi pasipo upendeleo, lakini haijui ni tofauti ipi igeuzayo maana. Hilo hujulikana kwa mwenyeji tu. Basi yatupasa kuuliza kwanza, kupima baadaye, wala tusiseme ya kuwa tofauti haipo kwa sababu tu sisi hatukuisikia.