Je, Wajua? Mtawa wa Katuni Ndani ya Makala ya Sayansi

Je, wajua kwamba sehemu ya kwanza ya mfululizo wa televisheni wa Cosmos, ulioanza kurushwa Marekani Machi 2014 na kuongozwa na mtaalamu wa elimu ya anga Neil deGrasse Tyson, ilisimulia kisa cha mtawa kwa katuni? Mtawa huyo ni Giordano Bruno wa Italia, aliyeamini kuwa nyota ni majua yenye sayari zake. Katuni inamwonyesha akielea angani, kisha akichomwa moto hadharani.

Alichomwa kweli, mjini Roma, tarehe 17 Februari 1600. Hata hivyo, wanahistoria waliilalamikia katuni hiyo. Mashtaka ya Kanisa dhidi yake yaligusa pia Utatu Mtakatifu, uungu wa Kristo na ekaristi, si anga peke yake. Wala hakuwa mwanasayansi. Makala yenyewe ilikiri kwamba alibahatisha tu, lakini maneno hayo yalipita upesi, na mtazamaji akabaki na picha ya moto.

Je, wajua pia? Sehemu ya tano ya mfululizo huohuo ilimsifu Ibn al-Haytham, Mwislamu mzaliwa wa Basra, aliyechunguza mwanga kwa majaribio miaka 1,000 hivi iliyopita, ukiwemo mwanga unaopenya tundu dogo na kuingia chumba chenye giza.

Kwa hiyo, makala ikikuonyesha dini ikipigana na sayansi, kama katika kisa cha Bruno, uliza kwanza: mshtakiwa alishtakiwa kwa lipi hasa?