Spika ya Sebuleni Huchaguliwa kwa Sikio, si kwa Jicho

Ukipita madukani Malindi au Kilifi siku hizi, utakuta spika zimepangwa hadi kizingitini, nyingine zina kimo cha mtoto, zimewashwa taa za rangi rangi na kubandikwa idadi ya wati. Sababu yaeleweka. Muziki sasa huja kwa intaneti, simu i mkononi mwa kila mtu, na kinachotakiwa ni chombo cha kuitoa sauti pale sebuleni. Jamaa wengi wameniuliza wanunue ipi, nami naona heri niwajibu hapa wote kwa pamoja.

Kwanza kabisa, mtu ajiulize nyumbani mwake husikizwa nini. Sisi watu wa pwani, uzito wa muziki wetu u katika maneno. Tangu Siti binti Saad aliposafiri hadi Bombay mwaka 1928 kwenda kutia sauti yake katika santuri, taarabu imesikizwa kwa kutegwa sikio, fumbo lifumbuliwe. Marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba kwa tuni zenye ladha ya Kihindi, lakini wapenzi wake walifuata beti, ambazo nyingi zilitungwa na malenga Ahmad Nassir. Kasida nazo ni hivyo hivyo, na kisomo cha Qur'ani ndicho zaidi, maana herufi ikimezwa maana huharibika.

Basi kasoro ya spika nyingi za madukani ni kwamba zimeundwa kutoa mdundo. Besi hutanda chumbani ikafunika sauti ya mwimbaji, na udi ukasikika kama unapigwa nyumba ya tatu. Kijana wa dukani atakufungulia wimbo wa dansi kwa sauti ya juu na kukwambia, "Mzee, hii hutikisa vioo!" Mshukuru, kisha umwombe aunganishe simu yako, uweke wimbo unaoujua kwa moyo, na sauti aishushe. Ukiusikia ubeti mzima bila kukisia neno, spika hiyo yafaa. Wati zisikubabaishe. Kuongeza wati maradufu hakufanyi sauti iwe maradufu, bali huiongeza kidogo tu, na idadi iliyobandikwa mara nyingi ni ya kilele ambacho chombo hukifikia kwa nukta moja.

SEBULE ZETU ZA MAWE

Jambo la pili ni chumba chenyewe. Nyumba zetu za mawe zina kuta tupu, sakafu ya saruji au vigae, na dari ya juu. Hupendeza kwa joto, lakini sauti hurudi kutoka kila upande na maneno yakavurugana. Dawa yake si ghali: zulia, mapazia mazito na matakia hunywa mwangwi. Usiibane spika pembeni mwa chumba, kwa kuwa pembe huzidisha besi. Mwenye uwezo na anunue spika mbili ndogo badala ya moja kubwa, azitenganishe kiasi cha mita 2, naye akae mbele yake pembe tatu ikamilike. Wenye nyumba karibu na bahari wazifunike zisipotumika, kwa sababu upepo wa chumvi hula vyuma na waya, na wote wachomeke kwenye kifaa cha kulinda vyombo, maana stima ikikatika na kurudi kwa ghafla huunguza.

Kuhusu kuunganisha, njia ya Bluetooth ni rahisi, ila hufika kama mita 10 na kuta nene hupunguza hata hizo. Tena simu ikilia, wimbo hukatika. Spika ya waifai hujivutia nyimbo yenyewe, na simu hubaki huru. Anayetegemea bando apige hesabu. Kwa kiwango cha kilobiti 160 kwa sekunde, saa moja hula megabaiti 72. Saa tatu kila siku kwa siku 30 ni kama gigabaiti sita na nusu.

KANDA ZISITUPWE

La mwisho ndilo linalonigusa zaidi. Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Kabla ya intaneti, maduka ya Mombasa kama Mbwana Radio Service yalirekodi na kuuza kanda za taarabu zilizoenea pwani nzima, na majumbani watu walijirekodia harusi na maulidi yao. Sehemu kubwa ya hazina hiyo haimo katika simu yoyote.

Namjua mama mmoja wa Shela, Malindi, ambaye wanawe walimletea spika mpya, wakampa mnunuzi wa vyuma vikuukuu ile redio kaseti pamoja na boksi la kanda. Humo mlikuwa na kanda ya harusi yake, na ndani yake sauti ya marehemu mamake akiimba na wenziwe. Wiki chache baadaye mjukuu alimwomba, "Bibi, nisikizishe walivyokuwa wakiimba." Spika ilikuwapo, inang'aa, lakini sauti ile haikupatikana tena.

Kwa hiyo usinunue spika isiyo na tundu la waya. Kwa tundu hilo kaseti kuukuu itaunganishwa na kusikika vizuri, na kwa waya mwingine kanda zitahamishiwa katika kompyuta. Kazi hiyo isingoje, kwani utepe huota ukungu kwa unyevu wa pwani na kunatana. Kila nyumba na ianze na kanda moja, ile yenye sauti ya mtu ambaye hayupo tena, na majina ya waliomo yaandikwe wangali hai wanaowajua.