Vuli ya Kampala: msitu umenona, magari ya watalii yamelala

Wenye magari ya kitalii hapa Kampala wana kalenda yao. Juni hadi Septemba ni mavuno, Krismasi ni masazo ya mavuno, na kati ya hayo kuna ddumbi, mvua za Septemba hadi Novemba ambazo mtu wa pwani angeziita vuli bila kusita. Neno hilo la Kiswahili tumelipa kazi mbili: mvua zetu, na msimu wa Ulaya wa majani kupukutika. Katika biashara hii kazi hizo mbili hukutana. Mjerumani anaona miti ya kwao ikibaki fito tupu, anatafuta pa kwenda. Huku Kibale kwa sokwe na Bwindi kwa gorila, misitu haipukutishi kitu, imenona, ila njia zake ni utelezi mtupu. Dalili ya msimu kwetu ni nsenene, panzi wa kuliwa, wanaokaangwa vibarazani.

Ofisa mmoja anayeshika takwimu za utalii, ambaye hakutaka kutajwa, anasema msimu mbovu sasa ni hadithi ya zamani. Ushahidi wake ni idadi ya wageni: milioni 1.54 mwaka 2019, 473,000 tu mwaka 2020 korona ilipofunga viwanja vya ndege, kisha milioni 1.27 mwaka 2023 na milioni 1.37 mwaka 2024, na mapato ya mwaka huo yaliyopita dola bilioni 1.2. Hesabu hizo zimechapishwa na hakuna anayezipinga. Shida ni nani aliyehesabiwa. Sehemu kubwa ya wageni hao wametoka nchi jirani, wengi wakipita mipaka ya Busia, Malaba, Katuna na Mutukula. Mfanyabiashara wa Kigali aliyelala usiku mmoja gesti ya katikati ya jiji akisubiri mzigo wake naye ni mgeni. Hajawahi kupanda gari la kuangalia wanyama, wala hana mpango huo. Nilipomuuliza ofisa ni wangapi kati ya hao walifika msituni Novemba, alirudi kwenye jumla ya mwaka.

Mwenye magari matatu, mwanamke aliyeanza kama karani wa kampuni ya safari kabla ya kufungua chumba chake kimoja cha ofisi, hana haja na jumla. Yeye anahesabu siku gari linapolala uani. Lawama yake kubwa ni kibali cha kutembelea gorila. Kwa miaka kadhaa kabla ya korona, mgeni wa nje alilipa dola 600, na katika miezi ya mvua, Aprili, Mei na Novemba, bei ilishushwa hadi 450. Julai 2020 kibali kikawa dola 700. Julai 2024 kikapanda hadi 800, na cha sokwe wa Kibale kikafika 250. Punguzo la mvua halikuonekana tena kwenye orodha hizo.

Anavyoeleza yeye, hapo ndipo alipofungwa mikono. Familia moja ya gorila hutembelewa na watu wanane kwa siku, kwa saa moja, basi. Julai vibali hugombaniwa. Wenye mtaji mkubwa huvilipia mapema, na mdogo anayesubiri mteja atume pesa hukuta nafasi zimekwisha. Novemba nafasi zipo, lakini hana cha kumwambia mteja. Amwambie nini: njoo unyeshewe kwa bei ya jua? Akipunguza, anapunguza kwenye fungu lake mwenyewe, yaani gari, dereva na faida, kwa sababu kibali hakishuki, lita ya petroli haishuki na hoteli za msituni hushuka kwa kusitasita. Benki nayo, asema, inahesabu miezi kumi na miwili wakati mtalii anahesabu minne au mitano. Kwa mkopo wa shilingi wenye riba inayozunguka asilimia 18 hadi 20, gari lililolala Oktoba na Novemba linakula alichovuna Agosti.

Ofisa anajibu kwamba Rwanda wanatoza dola 1,500 tangu 2017, kwa hiyo sisi bado ni rahisi. Jibu hilo lina ukweli wake, ila limeacha kipande: Rwanda hao hao wamekuwa na punguzo la asilimia 30 kuanzia Novemba hadi Mei kwa mgeni atakayetembelea na hifadhi zao nyingine. Mwenye ghali zaidi ndiye aliyekumbuka mvua.

Kwa haki, si bei peke yake iliyoharibu vuli za Kampala. Novemba 2021 mabomu yalilipuka katikati ya jiji. Septemba 2022 Ebola ikatangazwa Mubende, mji ulioko kwenye barabara ya Fort Portal inayoelekea Kibale. Oktoba 2023 wapenzi wawili waliokuwa fungate na kiongozi wao Mganda waliuawa katika hifadhi ya Queen Elizabeth. Mwaka 2024 daraja la Karuma, kwenye barabara ya kwenda kaskazini, lilifungwa kwa matengenezo kuanzia Septemba hadi Desemba. Misimu minne mfululizo. Mama wa magari matatu anaitaja kama mtu anayetaja misiba ya ukoo, kisha anarudi kwenye dola 800. Nadhani amelipa suala la bei uzito kupita kiasi; mteja aliyeogopa Ebola asingekuja hata kwa 450. Lakini bei ndilo jambo pekee katika orodha hiyo ambalo mtu mmoja mezani angeweza kulibadilisha kwa kalamu.

Safari za mjini zinajikongoja vizuri kidogo. Kasubi, makaburi ya wafalme wanne wa Buganda, yaliungua Machi 2010 na kuwekwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Yaliondolewa Septemba 2023, yaani vuli nayo ina mema yake. Mvua haimzuii mtu kukaa chini ya paa lile la nyasi lenye duara 52, moja kwa kila ukoo, akitazama pazia la gome. Nyuma ya pazia ni Kibira, msitu ambamo kabaka, yaani mfalme, huingia. Baganda hawasemi amekufa. Na gome lenyewe, la mti wa mutuba, hubanduliwa msimu wa mvua. Ukitaka kuuza historia na msitu kwa tiketi moja, hapa pametosha. Kasoro ni kwamba ni kazi ya nusu siku, na nusu siku hailipi mkopo wa Land Cruiser.

Wafuata ndege wanasaidia pia. Baridi ya Ulaya inapoanza, ndege wahamiaji hushuka hadi ghuba za ziwa Victoria, na wanaowafuata hawaogopi matope. Wenye mitumbwi wa kinamasi cha Mabamba, anakoishi korongo nyangumi, huwaona hata wakati madereva wa Bwindi wamerudi kuendesha teksi za spesho mjini.

Kuhusu misitu yenyewe, ofisa ana takwimu nyingine ya kutuliza: kutoka asilimia 24 ya nchi mwaka 1990, misitu ilianguka hadi 9 mwaka 2015, na sasa imepanda juu ya 12. Ndani ya nyongeza hiyo kuna mashamba ya misonobari na mikaratusi. Ni miti, sawa, na mbao zake zina soko. Ila hakuna aliyewahi kukata tiketi kutoka Munich kuja kutazama mikaratusi. Mabira, msitu wa asili uliosababisha maandamano na vifo mwaka 2007 kipande chake kilipotaka kukatwa kwa ajili ya miwa, uko chini ya kilomita 60 kutoka Kampala, na wasafiri wengi wa barabara ya Jinja wanaujua kwa kuku wa Namawojjolo na ndizi za Najjembe tu.

Huenda mvua za mwaka huu zikapita bila balaa, na huenda wageni wakaja. Wenye magari wanasema hivyo kila Agosti. Wakija, orodha ya 2024 ikiwa haijabadilika, kibali cha Novemba watakilipia sawa na cha Julai: dola 800.